Kadi ya Michoro na Wingi wa Pikseli

Kadi ya michoro ni kifaa cha kompyuta chenye kazi mbili. Huchora picha kutokana na maagizo ya programu, kisha huipeleka picha hiyo kwenye monita, tena na tena, makumi ya mara kwa sekunde. Jina lake la Kiswahili limebeba kazi ya kwanza peke yake. Ya pili haisikiki ndani ya jina, nayo ndiyo humkwamisha mnunuzi wa monita yenye pikseli nyingi: hulipia uwezo wa kuchora, akasahau kuuliza picha itatokea wapi.

Hapo awali mambo yalikuwa kinyume. IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake binafsi mwaka 1981, moja ya kadi mbili za kuonyeshea zilizoambatana nayo haikuweza kuchora hata mstari wa mshazari. Ilipanga herufi tu, 80 kwa upana katika mistari 25. Mwaka 1987 kampuni hiyohiyo ilileta kiwango cha VGA, chenye pikseli 640 kwa 480, lakini hata hapo prosesa kuu ndiyo iliyokokotoa rangi ya kila nukta. Kadi iliitunza na kuitoa. Uchoraji ulihamia kwenye kadi hatua kwa hatua katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 kampuni ya Nvidia ilitoa GeForce 256 na kuitangaza kwa jina la GPU, yaani prosesa ya michoro, na jina hilo limeenea kiasi kwamba mafundi wengi sasa huita kadi nzima GPU.

Ndiyo sababu Kiswahili kina majina kadhaa kwa kifaa kimoja. "Kadi ya video" ni jina la zama za kupeleka, na linapotosha kwa kuwa video kwa msemaji wa Kiswahili ni filamu. "Kadi ya grafiki" ni mkopo usio na kosa. "Kadi ya michoro" linaeleweka hata kwa asiyewahi kuiona, na linafaa kushika nafasi, ilimradi litumike kwa kadi nzima pamoja na kumbukumbu, feni na matundu yake, na "prosesa ya michoro" libaki kuwa jina la kijenzi kinachochora. Tofauti hiyo ina faida dukani. Kompyuta nyingi za ofisini hazina kadi ya michoro, lakini zina prosesa ya michoro iliyofungwa pamoja na prosesa kuu, na hiyo yaweza kuendesha monita kubwa vizuri kabisa.

Istilahi ya pili inayohitajika ni ile ya idadi ya nukta zinazounda picha. Programu za kutafsiri huandika "azimio", neno la uamuzi wa kikao kama Azimio la Arusha la 1967, lisilohusiana na skrini kwa namna yoyote. Lingefaa kuachwa mara moja. "Mwonekano" ni bora zaidi, ila ni pana mno, maana rangi na mwanga navyo ni mwonekano. "Msongo" limeshachukuliwa na umeme, kama inavyosemwa njia ya msongo wa kilovoti 400. Kinachoihusu kadi ni hesabu tupu: pikseli ngapi kwa upana, ngapi kwa kimo. "Wingi wa pikseli" linataja jambo lenyewe, na linaacha nafasi ya "msongamano wa pikseli" kwa jambo jingine, yaani jinsi zilivyobanana katika kila inchi. Monita ya inchi 27 na televisheni ya inchi 55, zote za 4K, zina wingi uleule wa 3840 kwa 2160. Msongamano wa ya kwanza ni pikseli 163 hivi kwa inchi, wa ya pili ni 80. Jicho huona tofauti hiyo waziwazi. Kadi haiioni hata kidogo, kwa sababu kazi inayotakiwa kuifanya ni ileile.

Nayo ni kazi kubwa. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 4K ina 8,294,400, mara nne ya hizo, na mara 27 ya VGA. Kila pikseli ikipewa biti 24 za rangi, na picha ikirudiwa mara 60 kwa sekunde, data inayopaswa kupita kwenye waya inakaribia gigabiti 12 kila sekunde. Hapo ndipo toleo la tundu la waya huo, liwe la HDMI au la DisplayPort, linapoamua kila kitu. HDMI 1.4, ya mwaka 2009, hupitisha gigabiti 8 na ushei za picha. Kwa 4K huishia marudio 30 kwa sekunde. HDMI 2.0, ya 2013, hupitisha gigabiti 14.4 na kufikisha marudio 60. DisplayPort 1.2, ya 2010, ilikuwa tayari na gigabiti 17 hivi. Anayetaka 4K kwa marudio 120 atafute DisplayPort 1.4 au HDMI 2.1. Matundu ya HDMI ya matoleo yote hayo yana umbo moja, na kwa kuyatazama tu hakuna awezaye kuyatofautisha.

Marudio 30 yanatosha kutazamia filamu. Kwa kazi ya kila siku hayatoshi: kishale cha kipanya hujikokota, na maandishi yanayoviringishwa huruka badala ya kuteleza. Baadhi ya kadi hukwepa kizuizi hicho kwa kupunguza taarifa za rangi ili picha 60 zipite katika njia nyembamba. Filamu haidhuriki sana, lakini maandishi madogo mekundu juu ya bluu hufifia kingoni.

Mfano wa mwaka 2015 unaonyesha vizuri jinsi kazi hizi mbili zinavyoweza kuachana. Mwezi Juni kampuni ya AMD ilitoa Radeon R9 Fury X kwa dola 649, kadi yenye nguvu iliyonadiwa kwa michezo ya 4K. Tundu lake la HDMI lilikuwa la toleo la 1.4. Miezi michache kabla, Nvidia ilikuwa imetoa GeForce GTX 960 kwa dola 199, dhaifu kwa mbali katika kuchora, lakini yenye HDMI 2.0. Kwenye televisheni ya 4K isiyo na DisplayPort, kadi ya bei ndogo ilifikisha marudio 60 na ile ghali ikabaki na 30. Kwenye monita yenye DisplayPort, Fury X ilifanya kazi yake ipasavyo. Tatizo lenyewe ni la zamani zaidi: monita ya IBM T220 ya mwaka 2001, yenye pikseli 3840 kwa 2400, ililishwa picha kupitia njia nne za DVI, aina nyingine ya tundu, kwa kuwa njia moja haikuweza kubeba mzigo wote.

Jambo hili linawagusa wanunuzi wa kompyuta za ofisini zilizokwishatumika, zinazouzwa kwa wingi Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, hutoa 4K kwa marudio 60 kupitia DisplayPort, na 30 tu kupitia HDMI. Mwenye mashine hiyo anayeandika, kusoma na kupiga hesabu hahitaji kadi mpya. Anahitaji waya sahihi. Akiamua kuongeza kadi, kuna mipaka ya kasha. Kasha jembamba hupokea kadi za nusu kimo pekee, na nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayodai zaidi ya hapo huhitaji nyaya za ziada kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai nyingi za makasha hayo hazina nyaya hizo.

Uwezo wa kuchora huwa na uzito pale kila picha inapokokotolewa upya, hasa katika michezo ya kompyuta na usanifu wa majengo wa pande tatu. Hapo pikseli mara nne hukaribia kuwa kazi mara nne. Kumbukumbu ya kadi mara nyingi hueleweka vibaya: picha moja ya 4K huchukua megabaiti 33 tu, na gigabaiti zinazotajwa kwenye boksi huliwa na ngozi za vitu, vivuli na maumbo. Michezo mingi mipya ikichezwa kwa 4K huhitaji zaidi ya gigabaiti 8. Njia ya kupunguza mzigo ni kuchora kwa pikseli chache kisha kuikuza picha, kama zinavyofanya DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD. Matokeo huwa mazuri kuliko kushusha wingi wa pikseli wa monita yenyewe.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na monita, asome kwenye kijitabu chake matundu na matoleo yake, ndipo atafute kadi yenye tundu linalolingana, na mwisho alinganishe nguvu ya kuchora na bei. Akiwa dukani, aombe kadi iunganishwe na skrini ya 4K kwa waya uleule atakaoutumia, afungue mipangilio ya skrini, na athibitishe kwamba 3840 kwa 2160 na marudio 60 vinapatikana kwa pamoja kabla ya kulipa.