Weupe wa Nyumba

Msomaji, weka juu ya meza moja vitu vinne: ukurasa wa daftari lako, kipande cha bafta, kikombe cha maziwa na kisahani cha unga wa mahindi. Ukiulizwa rangi ya kila kimoja, utajibu bila kusita kwamba ni nyeupe. Lakini vitazame vikiwa pamoja. Karatasi itaonekana ina dalili ya buluu. Maziwa yatakuwa na umanjano kidogo. Bafta itaelekea kijivu. Na unga utakuwa na weupe wake mwenyewe usiofanana na mwingine. Hapo utatambua kwamba jina ni moja lakini mambo ni mengi. Mtu atakaye kuipaka nyumba yake rangi nyeupe hana budi kujiuliza kwanza: ni nyeupe gani, imefanywa kwa kitu gani, na itakaa mahali gani?

Swali hili laweza kuonekana dogo, la fundi na burashi yake tu. Kumbe lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita katika nchi ya Taita.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kupitia Taita kwenda Uchaga. Asubuhi hiyo aliona mbele yake mlima mrefu, na juu ya mlima kitu cheupe kilichong'aa, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, huyo hakuwa na jina la kitu kile. Alijibu tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akafahamu. Habari zake zilipochapishwa Ulaya, William Desborough Cooley wa London, aliyeijua Afrika kwa vitabu, alikana kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka, mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima ule sehemu ya njia mnamo 1861 na 1862, akathibitisha maneno ya Rebmann. Mlima huo ni Kilimanjaro. Barafu yake imepungua sana tangu siku zile, lakini funzo lake limebaki: kitu cheupe kikionekana kwa mbali hakisemi kimefanywa kwa nini. Sharti mtu akiendee, akiguse, akijue.

Weupe wa kwanza wa nyumba katika pwani yetu ulitoka baharini. Ulikuwa weupe wa chokaa, nayo chokaa hutengenezwa hivi. Matumbawe huvunjwavunjwa, yakapangwa juu ya chungu kubwa ya magogo, na magogo yakatiwa moto. Chungu hiyo huitwa tanuu. Moto ukiwa mkali wa kutosha, jiwe hutoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na kinachobaki ni jiwe jepesi lenye kiu. Likimwagiwa maji hufoka mvuke, likapasuka na kuwa unga laini. Unga huo ukichanganywa na maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile ile kidogo kidogo, ukarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta uliopakwa chokaa haukufunikwa utando mgeni. Umevishwa ngozi nyembamba ya jiwe.

Vasco da Gama alipofika Malindi mnamo Aprili 1498, mwandishi wa safari yake aliandika kwamba nyumba za mji ule zilikuwa ndefu, zenye madirisha mengi, na zilipakwa chokaa vizuri. Magofu ya Gedi, yasiyo mbali na Malindi, yangali yakionyesha kuta za matumbawe na lipu ya chokaa. Huko Lamu mafundi waliutumia weupe huo kwa ustadi mkubwa zaidi, wakichonga katika lipu nakshi na zidaka. Vyumba vya nyumba zile vilikuwa virefu na vyembamba, na weupe wa kuta uliisaidia nuru iliyopita uani kufika ndani.

Lakini tusidanganywe na uzuri huo. Nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa ilikuwa alama ya uungwana; si kila mtu aliipata. Kuni nyingi ziliteketea ili ukuta mmoja uwe mweupe, na mikono mingi ilivunja matumbawe na kubeba magogo. Katika karne zile baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, ambao wenyewe walilala katika vibanda vya udongo. Basi weupe wa ukuta ulisema habari za mwenye nyumba, lakini ulinyamaza juu ya aliyeufanya.

Sasa tupande kutoka pwani hadi Voi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mnamo 1896, ikapita Voi, na 1898 wajenzi walikuwa Tsavo wakijenga daraja lao, mahali ambapo simba wawili waliwaua wafanyakazi wengi. Kabla ya reli, Wataita walikuwa wakijenga nyumba zao milimani kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba hizo zilikuwa na rangi ya nchi yenyewe, zikahifadhi joto wakati wa ukungu. Hapakuwa na sababu ya kuona haya kwa nyumba kama hizo, kwa maana zilijibu swali la mahali pake. Reli ilileta namna nyingine ya kujenga: mabati, mawe yaliyochongwa, saruji, na kuta zilizotaka kupakwa rangi.

Hapo weupe wa pwani ukakutana na adui wake. Udongo wa Voi ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo ndani yake, ambacho kimeshika kutu. Wekundu huo ndio unaowavika hata ndovu wa Tsavo, wanapojigaragaza na kujimwagia vumbi, hata mgeni akadhani Mungu aliwaumba wekundu. Wakati wa kiangazi upepo hulichukua vumbi hilo na kuliweka juu ya kila kizingiti. Wakati wa mvua matone hulipiga tope na kulirusha ukutani. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe hadi chini kabisa, baada ya msimu mmoja huwa kama kanzu iliyoburuzwa matopeni. Ndiyo sababu katika miji mingi ya bara utaona kuta nyeupe zilizopakwa chini ukanda wa rangi ya kahawia, nyekundu au nyeusi. Wengine hudhani ukanda ule ni pambo tu. La hasha, huo ni mkataba wa amani kati ya ukuta na udongo.

Chokaa haikukaa peke yake kwa muda mrefu. Ilikuja rangi ya mafuta kutoka viwandani, nayo ilileta hatari isiyoonekana. Tangu zama za Wayunani na Warumi, watu walijua kuifanya risasi iwe unga mweupe kwa mvuke wa siki. Unga huo ukichanganywa na mafuta ya kitani hutoa rangi nzuri, nzito, inayoshika sana. Lakini risasi ni sumu. Iliwadhoofisha wapaka rangi, ikawatia maumivu ya tumbo na kupooza viganja. Kwa watoto ni mbaya zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Mtoto huipata kwa kutia mdomoni vigaga vya rangi vinavyobanduka, au kwa vumbi lake. Mnamo 1921 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi huko Geneva ulipitisha mkataba wa kuizuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majumba, ingawa uliacha mwanya kwa vituo vya reli na viwanda palipoonekana haja. Leo wataalamu wa afya hawajui kiasi chochote cha risasi mwilini kisicho na madhara. Tazama basi: weupe, ambao watu huufanya alama ya usafi, ulibeba sumu ndani yake.

Weupe wa tatu ulizaliwa wakati wa vita. Mnamo 1915 na 1916 majeshi ya Waingereza yalikuwa yakitandika reli mpya kutoka Voi kupitia Maktau kwenda Taveta, ili kupigana na Wajerumani. Watu wengi waliangamia katika vilima vya Salaita mwezi wa Februari 1916, na Latema na Reata mwezi wa Machi. Katika miaka hiyo hiyo ya vita, mbali na moshi wa mizinga yetu, viwanda vya Norwei na Marekani vilikuwa vikianza kutengeneza unga mpya mweupe kutokana na madini ya titani. Unga huo hauna sumu ya risasi, nao huficha kilicho chini yake kuliko chokaa na kuliko risasi. Karibu kila mkebe wa rangi nyeupe unaouona dukani leo umepata weupe wake kwake.

Na hapa historia inarudi nyumbani. Madini hayo hupatikana katika mchanga mweusi. Kampuni ya Base Titanium iliuchimba mchanga wa namna hiyo katika Kwale, jirani ya Taita Taveta, ikaanza kuuza madini yake ng'ambo mnamo 1914 na karne moja kuongezwa, yaani 2014, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Madini yalipakiwa melini Likoni yakiwa meusi, yakaenda kugeuzwa kuwa meupe katika viwanda vya nchi za mbali. Huenda mtu wa Voi aliyenunua mkebe wa rangi katika miaka ile alinunua, kwa bei ya juu, sehemu ya ardhi ya jirani yake. Wewe unayesoma kemia darasani, fikiri juu ya jambo hili. Kati ya mchanga mweusi na mkebe mweupe kuna elimu, na mwenye elimu hiyo ndiye aliyepata faida kubwa.

Baada ya kujua hayo, twaweza kuchagua kwa akili. Ukijenga Voi, mahali palipo kiasi cha mita 560 tu juu ya bahari, jua ni kali na vumbi ni jekundu. Nyeupe yenye buluu ndani yake itakuumiza macho adhuhuri, na itatangaza kila chembe ya vumbi. Nyeupe iliyotiwa umanjano kidogo, kama ya maziwa, itapatana na udongo na bado itarudisha joto la jua. Ujue pia kwamba mwanga ukiangukia uwanja mwekundu hurukia ukutani na darini, ukaigeuza nyeupe yoyote kuwa na haya usoni. Lakini ukijenga Wundanyi, penye ukungu na baridi ya milima, adui wako si vumbi bali unyevu na ukoga. Huko chokaa ya kale ingali na heshima yake, kwa maana huuacha ukuta upumue, na ukali wake huuzuia ukoga kuota.

Usichague kwa kutazama kipande cha karatasi dukani. Paka sehemu ndogo ya ukuta wako, uitazame asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha ungoje vumbi lipite. Uliza kama rangi haina risasi, na usikubali jibu la kubahatisha. Rangi ya kale ikiwa inabanduka, usiikwangue ikiwa kavu mahali wanapocheza watoto.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Weupe nao ni mlango. Rebmann aliuona kwa mbali akafikiri ni wingu. Wageni wa Malindi waliusifu bila kuuliza nani alibeba kuni. Wapaka rangi waliuamini ukawaua. Wewe, msomaji, utakapoona ukuta mweupe, usiridhike na macho. Fungua, uingie ndani, uulize umetoka wapi, umefanywa na nani, na utamfaa nani.