Majaribio ya ndege ya kujiundia

Majaribio ya ndege ya kujiundia ni kipindi cha safari za kwanza za ndege iliyojengwa na mtu binafsi, ili kuthibitisha kwamba inaongozeka na haina kasoro ya hatari. Nchini Marekani, mamlaka ya usafiri wa anga (FAA) kwa kawaida hutaka saa 25 za kuruka ikiwa injini na rafadha zimeidhinishwa kutumika pamoja, au 40 zisipokuwa hivyo. Siku hizi mwenye ndege anaweza badala yake kufuata mpango wa majaribio maalumu. Abiria haruhusiwi.

Kazi kubwa, na inayopuuzwa mno, ni kuweka kumbukumbu. Akiwa juu vya kutosha, rubani hupunguza mwendo taratibu hadi mabawa yaishiwe nguvu ya kuibeba ndege, kisha huandika kasi iliyoonekana kwenye kipimo, uzito wa ndege na mahali pa kitovu cha uzito. Joto la mafuta ya injini huandikwa pia. Takwimu zinazojazwa baadaye kwa kukisia ni hatari kwa kila atakayeirusha ndege hiyo. Mwishoni, tamko la usalama huandikwa katika daftari la ndege na kutiwa saini. Bila tamko hilo, kubeba abiria ni kuvunja sheria.