"Who Killed Captain Alex?": Filamu ya mapigano iliyobaki na sauti ya mtafsiri pekee

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

YEYOTE aliyewahi kulipa kiingilio katika banda la video, iwe ni Tunduma, Vwawa au Mlowo, anaikumbuka sauti inayosikika juu ya milio ya risasi. Ni ya mtu mmoja anayewasemea waigizaji wote, anayemkejeli jambazi na kumtahadharisha askari kabla hajapigwa. Nchini Tanzania jina la Lufufu ndilo lililovuma katika kazi hiyo, Kenya ni DJ Afro, na Uganda watafsiri hao huitwa VJ.

Wapo wanaowachukulia watafsiri hao kuwa ni wachekeshaji wanaoharibu kazi za watu. Hata hivyo, historia ya filamu ya Uganda iitwayo "Who Killed Captain Alex?", yaani "Nani Alimuua Kapteni Alex?", inampa mtafsiri nafasi nyingine. Nakala ya filamu hiyo isiyo na sauti ya mtafsiri imepotea, na iliyobaki ni ile yenye sauti hiyo.

Filamu hiyo ilitengenezwa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, na kutolewa mwaka 2010. Mtunzi na mwongozaji wake ni Isaac Nabwana, ajulikanaye zaidi kama Nabwana I.G.G., aliyeanzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka 2005. Kabla ya hapo alifyatua matofali ili kujipatia riziki na akiba ya kununulia vifaa, na alijifunza mwenyewe namna ya kuunganisha kompyuta kutokana na vipuri vilivyotumika.

Nabwana alikulia katika zama za utawala wa Idi Amin. Utotoni hakuwa na fursa ya kuingia katika majumba ya sinema, bali alisimuliwa na kaka yake yale yaliyoonekana huko. Miongoni mwa waigizaji anaowataja kuwa walimvutia ni Chuck Norris wa Marekani na Bud Spencer wa Italia. Huyo wa pili, ambaye jina lake halisi lilikuwa Carlo Pedersoli, alizaliwa Napoli mwaka 1929 na kufariki dunia mwaka 2016, na filamu zake za kuchapana makofi pamoja na mwenzake Terence Hill zilipata wapenzi wengi Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuja kutengeneza filamu ya mapigano iliyotazamwa duniani kote aliijua sinema kwanza kwa masikio.

Kisa chenyewe kinamhusu Kapteni Alex, askari hodari wa jeshi la Uganda, anayepewa jukumu la kulisambaratisha genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia. Neno mafia lilitoka Sicily, kusini mwa Italia, na kuenea ulimwenguni kwa msaada mkubwa wa filamu za uhalifu. Askari wanafanikiwa kumkamata ndugu wa kiongozi wa genge, Richard, naye anaapa kulipiza kisasi. Baadaye Alex anakutwa ameuawa. Ndugu yake, Bruce U, bingwa wa mapigano ya Kichina, anajitokeza kumtafuta muuaji, huku Richard akipanga kuishambulia Kampala kwa mabomu.

Utengenezaji wa filamu hiyo ulichukua takriban mwezi mmoja, na gharama zake zinatajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Silaha zilikuwa ni za bandia, zilizoundwa kwa mbao na vyuma chakavu na fundi Dauda Bisaso. Helikopta na milipuko viliongezwa kwa kompyuta. Hapo awali kampuni hiyo ilitumia damu ya ng'ombe katika matukio ya majeraha, lakini iliachana nayo baada ya mwigizaji mmoja kuugua, na badala yake ikatumia rangi nyekundu ya chakula iliyojazwa ndani ya kondomu.

Waigizaji hawakuwa na mishahara. Filamu ilipokamilika, wao wenyewe walibeba DVD na kuziuza nyumba kwa nyumba, na kila mmoja alibaki na sehemu ya mapato ya nakala alizouza. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika ndani ya siku chache, kwa kuwa baada ya hapo nakala za wizi zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni.

Kompyuta ya Nabwana ilikuwa na uwezo mdogo, tena ikifanya kazi katika mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara. Muda mfupi baada ya kukamilisha kazi hiyo, alilazimika kufuta mafaili yake yote ili apate nafasi ya filamu nyingine. Hakutarajia kwamba ipo siku mtu wa nje ya mtaa wake angeihitaji. Nakala inayotazamwa leo ilitokana na DVD, ndiyo maana picha zake ni hafifu, nayo ina sauti ya VJ Emmie kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kionjo cha filamu hiyo kiliwekwa kwenye YouTube mwezi Januari 2010 na kuvuta watazamaji wa mbali. Mmoja wao, Alan Hofmanis wa New York, alihamia Wakaliga na kuwa mshirika wa Nabwana. Mwezi Machi 2015 filamu nzima iliwekwa kwenye mtandao huo bila malipo, na imetazamwa mara mamilioni. Mwaka huohuo kampuni iliomba mchango wa dola 160 tu kupitia intaneti kwa ajili ya filamu mpya, ikapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, "Crazy World", ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, Kanada.

Kwa watayarishaji wadogo wa mikoani, ukiwamo mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, historia hii inahimiza na kuonya kwa pamoja. Uhaba wa fedha haukumzuia Nabwana kutengeneza filamu, ila ulimzuia kuihifadhi. Vifaa vya kuhifadhia mafaili vimeshuka bei tangu wakati huo, hivyo mtayarishaji anayefuta nakala yake ya kwanza akidhani soko lake linaishia mtaani kwake hana sababu aliyokuwa nayo Nabwana.

Muuaji wa Kapteni Alex hatajwi hadi filamu inapokwisha.