Mshahara wa Kuchungulia Kome

Nikiwaambia wanafunzi wangu wa biolojia hapa Buger kwamba kuna mtu alilipwa mshahara kuchungulia kome wa maji baridi, wanacheka. Kwao kazi ni ng'ombe, vitunguu vya Eyasi au kutembeza watalii Ngorongoro. Basi nawasimulia Geoffrey Fryer, Mwingereza wa kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki, Jinja. Mwaka 1961 alichapisha utafiti wa makuzi ya kome aitwaye Mutela bourguignati: lava wake, mwenye uzi mrefu kupita mwili, hujishikiza kwa samaki na kumnyonya hadi akue. Samaki wakitoweka, kome nao hawana pa kulelewa! Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kituo hicho, ilivunjika 1977. Tanzania ikaanzisha taasisi yake ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, 1980, na wataalamu wengi, naona, wakafuata samaki wa kuuzwa.