Kisukari na ganzi ya miguu: jinsi ya kuzuia vidonda

Sukari ikibaki juu kwenye damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, yaani mishipa inayopeleka kwenye ubongo taarifa za maumivu, joto na mguso. Mishipa mirefu huathirika kwanza. Ndiyo maana dalili nyingi huanzia kwenye vidole vya miguu, kisha hupanda taratibu.

Dalili

- Ganzi, au kuchomwachomwa kama na sindano
- Miguu kuwaka moto, hasa usiku
- Kuhisi kama unakanyaga pamba
- Ngozi ya miguu kukauka na kupasuka
- Kidonda kisichouma

Wengine hawaoni dalili yoyote. Ganzi inaweza pia kutokana na ukoma, pombe, VVU au upungufu wa vitamini B12, kwa hiyo usijipime mwenyewe. Mtumiaji wa metformin kwa muda mrefu amwulize mhudumu wa afya kuhusu B12, lakini asiache dawa.

Kwa nini ni hatari

Maumivu ni mlinzi. Mguu wenye ganzi ukichomwa na mwiba, mwenyewe anaendelea na kazi. Katika delta ya Rufiji watu hulima mpunga na kutafuta kaa wakiwa peku, kwenye tope lenye mizizi ya mikoko na maganda ya chaza. Jeraha dogo hupata vijidudu, na kisukari hupunguza uwezo wa mwili kupambana navyo. Mwisho wake unaweza kuwa kukatwa mguu.

Anayeishi visiwani, kama Salale au Mbuchi, hutegemea boti na maji kujaa ili afike bara, kisha safari ya barabara hadi Kibiti, Mchukwi au Utete. Kwa hiyo kidonda kionwe siku ya kwanza.

Kagua miguu kila siku

Chagua wakati usiosahaulika, kwa mfano unapotawadha kwa ajili ya Isha. Tazama juu, chini na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, tumia kioo au mwombe mwanao akuangalizie.

- Osha kwa maji ya kawaida. Maji ya moto yapime kwa kiwiko, si kwa mguu.
- Kausha vizuri katikati ya vidole. Paka mafuta kwenye ngozi kavu, lakini si katikati ya vidole.
- Kata kucha kwa mstari ulionyooka. Usikate sugu kwa wembe.
- Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Shambani vaa buti za mvua, na ukung'ute kiatu kabla ya kuvaa.
- Usiote moto miguu iliyokufa ganzi.
- Funza atolewe na mhudumu wa afya.
- Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kueleza wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usingizini bila kuhisi.

Dhibiti sukari

Tumia dawa kila siku kama ulivyoelekezwa. Pima sukari na shinikizo la damu, na uache sigara. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au kisamvu, robo samaki au kunde, robo wali au ugali. Punguza chai ya sukari na soda. Kabla ya kufunga Ramadhani, zungumza na daktari kuhusu dozi zako.

Matibabu

Hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha hisia zilizopotea, ila kudhibiti sukari huchelewesha uharibifu. Maumivu ya usiku hupunguzwa na dawa kama amitriptyline, kwa maelekezo ya daktari. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazisaidii. Omba miguu yako ipimwe hisia angalau mara moja kwa mwaka.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona:

- kidonda, lengelenge au mpasuko, hata kama hauumi
- uvimbe, joto, harufu mbaya au usaha
- kidole kubadilika rangi au kuwa cheusi
- mguu mmoja kuvimba na kupata joto bila kidonda
- homa pamoja na kidonda cha mguu

Ukisubiri boti, osha kidonda kwa maji safi, kifunike kwa kitambaa safi na usiukanyagie mguu huo. Usiweke majivu, dawa ya meno wala dawa ya majani.