Cheo cha Meya Katika Simu: Historia ya Foursquare

Katika historia fupi ya simu janja, ni programu chache zilizodhihirisha kama Foursquare jinsi mchezo unavyoweza kumvuta mtu wa kawaida kuwapa wengine habari ambazo vinginevyo asingeona sababu ya kuzitoa. Mbinu hiyo, inayoweza kuitwa uchezeshaji, ni ya kuchukua vipengele vya mchezo, kama vile pointi, beji, vyeo na orodha za washindi, na kuvitia katika shughuli ambayo kwa asili yake si mchezo, ili watu waifanye kwa hiari na kuirudia. Historia ya Foursquare inastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu inaonyesha nguvu ya mbinu hiyo na mipaka yake, na inaibua swali la nani hatimaye huvuna matunda ya kile ambacho wachezaji wengi wamekipanda.

Chimbuko lake ni Dodgeball, huduma iliyobuniwa na Dennis Crowley na Alex Rainert walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York. Mtumiaji wa Dodgeball alituma ujumbe mfupi wa kutaja baa au mkahawa aliopo, na rafiki zake waliosajiliwa wakaarifiwa kupitia simu zao. Google iliinunua huduma hiyo mwaka 2005, lakini Crowley aliondoka katika kampuni hiyo mwaka 2007, na mwanzoni mwa 2009 Google ikatangaza kwamba ingeifunga. Huduma ya namna hiyo ilikuwa na udhaifu wa kimsingi, kwani ilimfaa mtu pale tu rafiki zake walipokuwa wengi na karibu, hivi kwamba mtumiaji wa kwanza katika mji wowote alitoa habari zake bila kupata chochote.

Udhaifu huo ndio ulioipa Foursquare nafasi. Crowley na Naveen Selvadurai waliizindua mwezi Machi 2009, wakati wa tamasha la South by Southwest mjini Austin, Texas, kipindi ambacho simu zenye uwezo wa kutambua mahali zilipo kwa mfumo wa GPS zilikuwa zimeanza kuenea, na duka la programu la Apple lilikuwa halijatimiza hata mwaka mmoja. Kitendo kikuu kilikuwa kujiandikisha mahali, yaani kubofya kitufe ili kutangaza kwamba mtu yupo katika duka, kituo au mkahawa fulani. Kila tendo la kujiandikisha lilimpatia mtumiaji pointi, baadhi ya mienendo ilimletea beji, na aliyejiandikisha mahali fulani kwa siku nyingi kuliko wengine katika kipindi cha siku 60 alitawazwa kuwa meya wa mahali hapo, mpaka mwingine atakapompiku. Kwa njia hiyo hata mtu asiye na rafiki yeyote katika programu alikuwa na sababu ya kushiriki.

Manufaa makubwa zaidi yalikuwa nyuma ya pointi hizo. Mahali palipokosekana katika kumbukumbu za programu paliongezwa na watumiaji wenyewe, ambao pia waliandika vidokezo vifupi kuhusu chakula cha kuagiza au saa nzuri ya kufika, hivyo maelezo ya miji yakakusanywa na wakazi waliokuwa wakiijua kwa miguu yao. Wafanyabiashara nao hawakukawia kuitambua thamani ya cheo hicho, na mwaka 2010 Starbucks ilianza kuwapunguzia mameya wa maduka yake nchini Marekani bei ya kinywaji.

Hata hivyo, kila mchezo wenye tuzo huzaa udanganyifu. Watu walijiandikisha mahali wasipokuwapo ili wajipatie vyeo, na mwezi Aprili 2010 kampuni ililazimika kueleza hadharani jinsi ilivyokuwa ikitumia GPS kuwabaini. Mapema mwaka huohuo, vijana wa Uholanzi walikuwa wamefungua tovuti ya Please Rob Me, iliyokusanya matangazo ya watu waliojiandikisha mbali na makazi yao, ili kuwaonya kwamba kusema mtu yuko wapi ni kusema pia kwamba hayuko nyumbani. Ugumu mwingine ulitokana na mafanikio yenyewe, kwa kuwa kadiri watumiaji walivyoongezeka hadi kufikia mamilioni, ndivyo umeya ulivyozidi kuwa mbali na mtumiaji mgeni, na kilichokuwa kichocheo kikageuka kuwa kikwazo. Mwaka 2014 kampuni ilihamishia kitendo cha kujiandikisha katika programu mpya ya Swarm, ambamo umeya ulishindaniwa na marafiki peke yao, lakini watumiaji wa zamani walilalamika, na mwaka uliofuata umeya wa wote ukarejeshwa.

Kutokana na historia hii inabainika kwamba vipengele vya mchezo vina uwezo mkubwa wa kuanzisha tabia ya kushirikiana maudhui, lakini haviwezi peke yake kuidumisha, kwa kuwa beji hupoteza mvuto mara ikishapatikana, ilhali kidokezo kizuri huendelea kuwafaa watu hata baada ya mwandishi wake kuacha kucheza. Mwezi Novemba 2024 Foursquare ilitoa bure kwa umma kanzidata ya zaidi ya maeneo milioni 100 duniani, na mwezi uliofuata ikaifunga programu yake ya kuongoza watu mijini. Kanzidata hiyo haikujengwa na wachezaji peke yao, lakini matendo yao madogo ni sehemu ya msingi wake, na ndiyo maana anayebuni mchezo wa aina hii ana wajibu wa kumweleza mchezaji, kabla hajapokea pointi yake ya kwanza, ni kitu gani anachokitoa na kitatumiwa na nani.