Vifaru Vilivyopaa Angani

Tarehe 20 Oktoba 1967 watazamaji wa televisheni nchini Marekani waliona chombo cha anga kikielea gizani kama mzoga. Kilikuwa kimechanika na kuungua, hakina dalili ya uhai. Kiliitwa Constellation, na kilifanana na Enterprise, chombo kikuu cha Star Trek, kama pacha na pacha mwenzake. Ubavuni kiliandikwa NCC-1017. Enterprise ilikuwa NCC-1701. Tarakimu ni zilezile, zimehamishwa nafasi tu, kwa sababu pacha huyu alitoka dukani. Ilikuwa seti ya plastiki ya Enterprise, ile waliyoijenga watoto mezani kwao. Mafundi wa kipindi waliiunganisha, wakaibomoa, wakaiunguza, kisha wakapanga upya namba za stika zilizokuwa ndani ya boksi.

Modeli halisi ya Enterprise, iliyobuniwa na Matt Jefferies, ilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 3, na sehemu yake kubwa ilikuwa mbao. Kujenga nyingine ya ukubwa huo kwa ajili ya kisa kimoja kungemeza fedha nyingi mno. Ile ya dukani ilitokana na makubaliano na AMT, kampuni ya Troy, Michigan, iliyojipatia jina kwa magari madogo ya plastiki. AMT ilikubali kujenga Galileo, chombo kidogo cha usafiri ambacho waigizaji wangeweza kusimama kando yake, nayo ikapewa haki ya kuuza Enterprise ndani ya boksi. Galileo ilijengwa Phoenix, Arizona, chini ya Gene Winfield, fundi aliyesifika kwa kukata na kuunda upya mabodi ya magari. Napenda kukumbuka kwamba chombo kile kilipita katika mikono ya fundi wa magari, mtu ambaye kwake kitu cha kiwandani kilikuwa mwanzo wa kazi.

Utengenezaji wa seti za namna hii haujabadilika sana. Polistirini huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa hutoka fremu yenye vipande vilivyoning'inia kama maembe tawini. Mnunuzi huvikata kimoja kimoja, akavipiga msasa, akavipaka gundi inayolainisha plastiki hata pande mbili zikashikana na kuwa kitu kimoja. Kilicho ghali ni kalibu. Ikishachongwa, hutoa maelfu ya nakala kwa bei ndogo, na kila nakala ina ribiti, mabomba na vifuniko ambavyo fundi wa mkono angevihangaikia wiki nzima. Kwa mafundi wa sinema, hiyo ilikuwa hazina inayouzwa dukani.

Nchini Uingereza walishaigundua. Katika studio za mji wa Slough, Derek Meddings na wenzake walitengeneza mashine za Thunderbirds, kipindi cha vikaragosi kilichoanza mwaka 1965, na walichukua vipande vya seti za dukani kuvipamba vyombo vyao. Mmoja wa vijana wa Meddings, Brian Johnson, aliondoka kwenda kufanya kazi katika 2001: A Space Odyssey, filamu ya Stanley Kubrick iliyotoka mwaka 1968. Huko alikuwapo pia Mmarekani kijana, Douglas Trumbull. Trumbull alirudi kwao akaongoza Silent Running ya mwaka 1972, na miongoni mwa aliofanya nao kazi alikuwa John Dykstra. Ujuzi ulipita hivyo, mkono kwa mkono, bila chuo wala cheti.

Mwaka 1975 George Lucas, mwongozaji wa filamu ya Star Wars, alimpa Dykstra kazi ya kuanzisha karakana katika ghala moja la Van Nuys, California. Iliitwa Industrial Light & Magic. Chumba cha modeli kiliongozwa na Grant McCune, na rafu zake zilijaa mamia ya maboksi ya vifaru, manowari, ndege, mizinga na magari ya mashindano. Boksi lilifunguliwa, vipande vikachambuliwa, na kifaru chenyewe hakikuungwa kamwe. Gurudumu la kifaru liligeuka mtambo wa nishati. Kipande cha injini ya gari kilibandikwa juu ya ngozi ya chombo cha anga kikawa kitu kisicho na jina, lakini kinachoonekana kina kazi. Wenyewe walikuwa na neno lao la utani kwa vipande hivyo. Kiswahili tunalo tayari: vikorokoro.

Mtu anaweza kudhani ni mapambo tu. Lakini jicho la mtazamaji halina namna ya kupima chombo ambacho halijapata kukiona. Likiona ubao mtupu, linaona kitu kidogo. Likiona mashimo, mabomba na vifuniko mamia kwa mamia, linaamini kwamba nyuma ya kila kifuniko pana mtu mwenye spana. Modeli ya Star Destroyer iliyopita juu ya vichwa vya watu mwanzoni mwa Star Wars, mwezi Mei 1977, haikufika hata meta moja. Lucas alitaka pia vyombo vichakavu, vyenye masizi na madoa ya mafuta, kwa hiyo baada ya vikorokoro ilifuata rangi ya uchafu.

Millennium Falcon, chombo kingine cha filamu hiyo, ina kisa chake. Umbo la kwanza lililochorwa lilikuwa refu, na modeli ilikuwa imeshatengenezwa, ndipo ikaonekana inafanana mno na Eagle, chombo cha kipindi cha Space: 1999. Aliyebuni Eagle alikuwa Brian Johnson, yule kijana wa Slough. Modeli ile ikapewa kazi nyingine: ndiyo inayokimbizwa katika tukio la kwanza la filamu. Joe Johnston akachora Falcon mpya, bapa kama sahani.

Vingi vya vifaru vilivyojaa rafu za Van Nuys vilitoka Shizuoka, Japani, mji wa mafundi mbao uliogeuka mji wa plastiki. Tamiya, kampuni iliyoanza kwa biashara ya mbao, ilitoa huko kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kipimo chake cha 1/35 kilitokana na haja ya kutosheleza mota na betri ndani yake. Kipimo kilichoamuliwa na betri kikawa kipimo cha vifaru vya plastiki duniani kote.

Star Wars ilipovuma, kampuni ya MPC ilitoa seti za vyombo vyake, na vipande vya dukani vikarudi dukani. Mashabiki wengine hawakutosheka. Kwa miaka mingi wamezikagua picha za modeli za Van Nuys wakitambua kila kikorokoro kilitoka boksi gani, wakitafuta seti za zamani ili wajenge nakala kwa vipande vilevile. Mwaka 2017 kampuni ya Bandai, ambayo kiwanda chake cha modeli kiko Shizuoka, ilitoa Falcon ya kipimo cha 1/72, yenye urefu wa karibu sentimeta 48, iliyofuata modeli ya filamu kikorokoro kwa kikorokoro. Mafundi wa kalibu walichonga upya, vidogo zaidi, vipande vya vifaru vilivyowahi kuchongwa katika mji uleule.